Jinsi kandarasi ya mwanasoka inavyosukwa, na mahali nyota hunaswa

KLABU ya Murang'a SEAL ilipopanda ngazi hadi Ligi Kuu ya Kenya mnamo 2023, wapenzi wa kandanda katika miji inayouzunguka Mlima Kenya walipata timu ya ligi kuu wanayoweza kuifikia kwa matatu ya asubuhi na kurejea nyumbani kabla ya giza kuingia. Kwa miaka mingi kabumbu ya kiwango hicho ilikuwa jambo la kusikilizwa redioni kutoka Nairobi, Kisumu au Mombasa.

Pamoja na furaha hiyo limekuja suala ambalo eneo hili halikuwa na haja ya kulijadili sana. Kijana aliyezoea kupiga gozi Kamukunji mjini Nyeri, katika viwanja vya Karatina au karibu na Kinoru kule Meru, siku moja huitwa ofisini, akawekewa karatasi mbele yake na kuombwa atie saini. Mara nyingi hutia wino papo hapo, akiogopa kwamba akiomba siku mbili za kutafakari, nafasi hiyo itapewa mwingine.

Mashabiki wengi hudhani kuwa mazungumzo makali ya kandarasi huanza mchezaji akishakuwa nyota, vigogo wakimmezea mate na magazeti yakimwandika kila wiki. Ukweli ni kwamba kufikia wakati huo mambo mengi huwa yamekwisha kuamuliwa. Uwezo wa nyota kudai ujira mnono, au kuondoka akinyimwa, hutokana na vipengele viwili au vitatu alivyovikubali zamani, alipokuwa hajulikani na hana wa kumtetea.

Kisa kinachofafanua haya kuliko vyote katika ukanda wetu kilitokea nchini Tanzania. Feisal Salum, kiungo kutoka Zanzibar ambaye mashabiki humwita Fei Toto, alijiunga na Yanga ya Dar es Salaam mnamo 2018. Mwaka wa 2022 ukikaribia kuisha, alikuwa miongoni mwa viungo mahiri zaidi katika Afrika Mashariki, lakini mshahara wake, kwa mujibu wa taarifa zilizochapishwa wakati huo, ulikuwa Sh4 milioni za Tanzania kwa mwezi. Mkataba wake ulikuwa umalizike Mei 2024.

Desemba 2022 Feisal aliwaaga mashabiki wa Yanga na kuweka katika akaunti ya klabu Sh112 milioni za huko. Hesabu yake ilikuwa hivi: Sh100 milioni ndizo zilizotajwa katika mkataba kuwa gharama ya kuuvunja, na Sh12 milioni zilikuwa mshahara wa miezi mitatu. Kwake yeye na washauri wake, mambo yalikuwa yamekwisha. Mkataba ulitaja bei na bei ilikuwa imelipwa.

Yanga ilipinga. Ilishikilia kuwa mchezaji hawezi kuvunja mkataba peke yake, bila mazungumzo na bila klabu kumkosea. Januari 2023 kamati husika ya Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) iliamua kuwa Feisal bado alikuwa mchezaji halali wa Yanga. Aliomba uamuzi huo upitiwe upya, na Machi akashindwa tena. Alipata wakili mashuhuri, Fatma Karume, na nchi nzima ikagawanyika. Kauli iliyotoka kwa familia yake kwamba kijana huyo alikuwa akila ugali kwa sukari ilizagaa hadi ikawa utani wa vijiweni.

Wakati hayo yote yakiendelea, wenzake walikuwa wakiandika historia. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na kuikosa kwa kanuni ya mabao ya ugenini dhidi ya USM Alger, Juni 3, 2023. Feisal hakuwamo. Alipoteza nusu msimu akiwa katika ubora wake, jambo ambalo hakuna kamati inayoweza kumrudishia.

Mzozo huo ulikwisha kwa njia ambayo haimo katika kitabu chochote cha sheria. Juni 5, 2023, Rais Samia Suluhu Hassan aliialika Yanga Ikulu kuipongeza, na katika hotuba yake akamwomba rais wa klabu hiyo, Hersi Said, alimalize suala la Feisal. Siku tatu baadaye ilitangazwa kuwa Yanga na Azam FC zilikuwa zimeafikiana kuhusu kumuuza. Msimu uliofuata alifunga mabao 19 ya ligi, akipitwa tu na Stephane Aziz Ki wa klabu hiyo hiyo ya Yanga aliyekuwa na 21.

Mchezaji wa Nyeri hawezi kutegemea kualikwa Ikulu. Kwa hivyo inafaa kuelewa ni kwa nini Sh112 milioni zilizolipwa taslimu hazikumfungulia Feisal mlango.

Kanuni za Shirikisho la Soka Duniani (FIFA) kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zimejengwa juu ya wazo moja: mkataba huheshimiwa hadi mwisho, ila pande mbili zikikubaliana kuachana au upande mmoja ukiwa na sababu ya haki. Kanuni hizo hizo zinakataza upande wowote kuvunja mkataba kwa hiari yake msimu ukiwa unaendelea. Desemba ni katikati ya msimu. Aidha, mchezaji aliyetia saini kabla ya kutimiza miaka 28 huwa na kipindi cha ulinzi cha misimu mitatu au miaka mitatu. Akivunja mkataba ndani ya kipindi hicho bila sababu ya haki, halipi fidia pekee, bali anaweza pia kufungiwa kucheza kwa miezi minne au zaidi.

Mnamo Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya Mfaransa Lassana Diarra, ilizikosoa baadhi ya kanuni hizo, na FIFA ikarekebisha kwa muda namna ya kukadiria fidia. Lakini nyota anayedhani kesi hiyo imempa ruhusa ya kuondoka mwezi wowote anaotaka anajidanganya.

Kipengele cha bei ya kuondokea, basi, kina manufaa pale tu kinapoeleza mambo matatu bila utata. Kwanza ni kiasi cha fedha. Pili ni iwapo fedha hizo zikilipwa mchezaji huwa huru moja kwa moja, au huwa amefungua tu mlango wa mazungumzo. Tatu ni tarehe ambazo haki hiyo inaweza kutumiwa. Vijana wetu hulitazama lile la kwanza na kuyasahau haya mawili, ambayo ndiyo hutafuna.

Hata Lionel Messi alitafunwa na tarehe. Agosti 2020 aliiarifu Barcelona kuwa anaondoka bure, kama mkataba wake ulivyomruhusu kufanya mwishoni mwa msimu. Klabu ilijibu kuwa muda wa kuitumia haki hiyo ulikuwa umepita Juni 10. Upande wa Messi ulisema kuwa mwaka huo msimu uliendelea hadi Agosti kwa sababu ya janga la corona. Ligi ya Uhispania ikasimama na klabu na kusema anayemtaka alipe euro milioni 700. Septemba 4 Messi alitangaza kwamba angebaki kwa kuwa hakutaka kwenda mahakamani. Ikiwa mtu mwenye mawakili wa kila aina alikwama kwa tarehe moja, sembuse kijana wa Othaya aliyesoma ukurasa wa kwanza pekee.

Kuhusu fedha zenyewe, wakazi wa eneo hili wana mfano ulio karibu nao. Mkulima wa majani chai anayepeleka zao lake katika kiwanda cha Chinga, Gathuthi au Ragati anajua kuwa kuna malipo ya kila mwezi kwa kilo na kuna bonasi ya mwisho wa mwaka. Anajua kuwa karo hulipwa kwa bonasi, bali unga na mafuta ya taa hutoka katika yale malipo madogo ya mwezi. Mjumbe akimwambia kuwa chai imelipa vyema, swali lake la kwanza huwa ni kama hiyo ni ya mwezi au ni pamoja na bonasi.

Ujira wa mwanasoka una sura hiyo hiyo. Kuna mshahara wa mwezi, kuna fedha za kutia saini, na kuna marupurupu ya ushindi, mabao au idadi ya mechi. Klabu inayotaka kumpumbaza mchezaji hujumlisha yote na kumtajia kitita kimoja kinachopendeza masikioni. Fedha za kutia saini nazo aghalabu hugawanywa kwa awamu, na awamu ya pili ndiyo hupotelea njiani. Marupurupu yaliyoahidiwa kwa mdomo katika chumba cha kubadilishia mavazi hayana mwenyewe pindi mwenyekiti anapobadilishwa.

Ajabu ni kwamba mkulima huyo hakubali majani yake yapimwe bila kupewa risiti ya uzani, ilhali mwanawe hutia saini kandarasi ya miaka mitatu na kuondoka bila nakala.

Umuhimu wa nakala ulidhihirika mwaka wa 2020 katika mgogoro wa Bernard Morrison, winga kutoka Ghana. Yanga ilisema alikuwa amerefusha mkataba kwa miaka miwili. Yeye alisema alitia saini ya miezi sita pekee na muda umekwisha. Agosti mwaka huo kamati ya TFF iliona kuwa mkataba uliowasilishwa na klabu ulikuwa na dosari, na Morrison akawa huru kuwachezea mahasimu wakuu, Simba. Yanga ilikata rufaa hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS) kule Uswisi, na mnamo 2021 ikabwagwa. Kesi ya zaidi ya mwaka mmoja ilisimama juu ya kurasa chache za karatasi.

Muda wa mkataba ndio uwanja mwingine wa mvutano. Kwa mujibu wa FIFA, mkataba hauwezi kuzidi miaka mitano, na kwa aliye chini ya miaka 18 haiwezi kuzidi mitatu. Klabu hupenda mkataba mrefu wenye mshahara wa chini, kwa sababu humfunga kijana kwa bei ya mwanzo hata akiitwa Harambee Stars. Mchezaji naye huupenda kwa kuwa humhakikishia riziki akiumia goti. Wote wana haki. Kinachoweza kuwapatanisha ni kipengele cha nyongeza kinachosema kuwa akifikisha idadi fulani ya mechi, au akiitwa timu ya taifa, mshahara wake utapanda hadi kiwango kilichotajwa. Wachezaji wengi hawakiombi kwa sababu hawajui kinaweza kuombwa.

Halafu kuna miezi sita ya mwisho. Tangu uamuzi wa kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman mnamo Desemba 15, 1995, umekita mizizi utaratibu kwamba mkataba ukiisha, mchezaji huenda atakako bila klabu yake kudai ada. FIFA humruhusu kufanya makubaliano na klabu nyingine mkataba wake ukibakiza miezi sita au chini. Hapo ndipo mizani huinama upande wa mchezaji. Kabla ya hapo klabu inayomtaka hulazimika kuiarifu klabu yake kwa maandishi, na kulipa. Baada ya hapo hungoja tu.

Francis Kahata, kiungo aliyepitia Thika United kabla ya kuchezea Tirana ya Albania na kisha Gor Mahia, aliutumia mwanya huo vyema. Mkataba wake na K'Ogalo ulimalizika mnamo 2019, mwaka huo huo aliokuwa na Harambee Stars katika Kombe la Afrika kule Misri, naye akajiunga na Simba ya Tanzania. Gor Mahia ilimpoteza mmoja wa wachezaji wake bora bila kupata ada ya uhamisho. Hakuvunja mkataba wala hakumtukana mtu. Alingoja.

Isije ikadhaniwa kuwa lawama zote ni za klabu. Mwenyekiti wa klabu nchini humtia saini mchezaji kwa miaka mitatu akiwa na mfadhili wa mwaka mmoja. Fedha za langoni ni haba, na viwanja vyenyewe vina matatizo. Ujenzi wa Ruring'u mjini Nyeri ulivuta miaka na miaka. SportPesa ilipojiondoa Agosti 2019 kutokana na mvutano na serikali, Gor Mahia na AFC Leopards zilibaki na mikataba zisizoweza kuilipia. Ahadi iliyotolewa kwa nia njema ikawa deni.

Eneo hili linakumbuka pia Mount Kenya United. Jina lilikuwa la mlima, ila klabu yenyewe ilikuwa Nakumatt FC ya Nairobi, iliyobadilishwa jina mnamo 2018 baada ya maduka ya Nakumatt yaliyoifadhili kuporomoka. Msimu wake katika ligi kuu ulijaa malalamiko ya mishahara, na mnamo 2019 ikamaliza mkiani na kushushwa daraja. Kwa wachezaji wake, suala la nyota kutaka nyongeza lilikuwa anasa. Walichohitaji ni kujua jinsi ya kutoka katika mkataba usiolipwa.

Jibu lipo, na wengi hawalijui. Tangu Juni 2018 kanuni za FIFA zinasema kuwa klabu isipomlipa mchezaji mishahara miwili ya mwezi kwa wakati wake, mchezaji huwa na sababu ya haki ya kuvunja mkataba, mradi aiarifu klabu kwa maandishi na kuipa angalau siku 15 ilipe deni lote. Barua hiyo ndiyo tofauti kati ya mchezaji huru anayedai fidia na mtoro anayedaiwa fidia. Anayeacha tu kuja mazoezini kwa hasira huwa amejifunga bao.

Hapa pana jambo la kusikitisha. Gor Mahia na AFC Leopards zimewahi kupigwa marufuku na FIFA kusajili wachezaji kwa sababu ya madeni ya waliokuwa wachezaji na makocha wao. Lakini FIFA hushughulikia hasa mizozo yenye sura ya kimataifa. Mnyarwanda au raia wa Ghana anayedai klabu ya Kenya ana njia ya mkato hadi Zurich. Mkenya anayeidai klabu hiyo hiyo, aliyecheza kando yake wiki baada ya wiki, hana budi kupitia vyombo vya humu nchini: kamati za Shirikisho la Soka Kenya (FKF), kisha Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo lililoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Marufuku ya FIFA huitisha klabu, bali barua ya mchezaji wa nyumbani huwekwa kwenye droo.

Hata hivyo mchezaji ni mfanyakazi kama mwingine yeyote. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na asiyejua kusoma aelezwe yaliyomo kwa lugha anayoielewa. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo mjini Nyeri, na mtu wa Mukurwe-ini hahitaji kushuka Nairobi, kilomita zipatazo 150, kutafuta haki hiyo. Chama cha maslahi ya wanasoka, KEFWA, nacho husaidia wachezaji wenye mizozo ya mikataba. Na anayejiita wakala aulizwe leseni yake ya FIFA. Tangu 2023 leseni hiyo hupatikana kwa kufanya mtihani, wala si kwa kuwa na gari zuri na simu mbili.

Linabaki kundi ambalo halitajwi katika mazungumzo haya, nalo ni timu za mitaani na za vijana zinazomlea mchezaji kabla ya klabu kubwa kumwona. Kanuni za FIFA zinatenga asilimia tano ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa timu zilizomfunza mchezaji kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 huleta robo ya asilimia moja, na kila msimu kuanzia miaka 16 huleta nusu ya asilimia.

Tuchukue mfano wa Victor Wanyama, aliyetoka Celtic ya Scotland kwenda Southampton ya Uingereza mnamo Julai 2013 kwa ada iliyotajwa kuwa pauni milioni 12.5. Nusu ya asilimia ya fedha hizo ni pauni 62,500, takriban Sh8 milioni za Kenya kwa thamani ya wakati ule. Hizo ni za msimu mmoja tu wa kumlea kijana wa miaka 16 au zaidi. Kwa timu ya Kerugoya au Nanyuki inayochangisha nauli ya kwenda mechi, kiasi hicho kingetosha kuiendesha miaka kadhaa.

Kuidai fedha hiyo kunahitaji kitu kimoja kabla ya vingine vyote: rekodi katika shirikisho inayoonyesha kuwa kijana huyo alisajiliwa na timu hiyo, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalum ya kukokotoa na kugawa malipo haya, nayo hufuata rekodi hizo za usajili. Kijana aliyechezea timu ya mtaa misimu minne kwa jina la kuandikwa kwenye daftari la kocha, katika hesabu ya ofisi hiyo, hakuwahi kuichezea.